Vianney: Jina la Ukoo la Kifaransa na Safari Yake ya Kuwa Jina la Ubatizo katika Nchi za Maziwa Makuu

Anayesoma orodha za wanafunzi, za watumishi wa umma au za mapadri nchini Burundi na Rwanda hukutana mara kwa mara na herufi tatu: JMV. Huo ni ufupisho wa Jean-Marie Vianney, na umezoeleka kiasi kwamba aliyekuwa Waziri wa Serikali za Mitaa wa Rwanda, Jean-Marie Vianney Gatabazi, hutajwa katika magazeti kama JMV Gatabazi bila maelezo zaidi. Sehemu ya tatu ya jina hilo, Vianney, si jina la ubatizo kwa asili yake. Ni jina la ukoo la familia moja ya wakulima wa kijiji cha Dardilly, karibu na Lyon, Ufaransa. Makala haya yanaeleza jinsi jina la ukoo lilivyogeuka kuwa jina la mtu binafsi huku kwetu, na jinsi fomu za kiutawala za Afrika Mashariki zinavyoweza kuligeuza tena kuwa jina la ukoo, safari hii la watu wasio na undugu wowote.

Tuanze na mwenye jina. Jean-Marie Vianney alizaliwa Dardilly tarehe 8 Mei 1786. Alipewa daraja la upadri mwaka 1815, na mwaka 1818 akatumwa Ars, parokia ndogo ya mashambani, ambako alikaa hadi kufa kwake tarehe 4 Agosti 1859. Papa Pius wa Kumi alimtangaza mwenye heri mwaka 1905. Pius wa Kumi na Moja akamtangaza mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko. Miaka hiyo ina uzito wake kwetu. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walikuwa wameshajenga misheni za Muyaga (1898) na Mugera (1899). Katika miaka ya 1930 ubatizo ulienea kwa kasi kubwa Burundi na Rwanda. Kwa hiyo mtakatifu mpya, Mfaransa, tena paroko, alifika mikononi mwa maparoko wanaozungumza Kifaransa wakati ule ule walipohitaji majina mengi ya kubatizia.

Hata hivyo, sababu hiyo ya kihistoria haielezi kwa nini jina la ukoo ndilo lililonata. Kanisa lilikuwa limekwisha kuwa na akina Jean wengi: Mbatizaji, Mwinjili, wa Msalaba, wa Mungu. Ili kumtofautisha huyu na wenzake, ilibidi jina lake la ukoo liambatane naye. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Yohane Bosco na Maria Goretti, Waitalia wawili ambao majina ya koo zao leo yanaitwa katika viwanja vya shule za Bujumbura kama Bosco na Goreth. Kabla yao walipita Xavier, lililotokana na ngome ya Navarra, na Chantal, jina la milki ya baroni aliyemwoa Jeanne Frémyot, mwanamke aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1767. Wengi wanaomwita binti yao Chantal hawana habari kwamba wanamwita kwa jina la shamba la mume wa mtu, wala hawana haja ya kuwa nayo.

Nchini Ufaransa kwenyewe mlango ulikuwa huo huo mmoja. Sheria ya mwaka 1803 iliruhusu majina ya kwanza yaliyomo katika kalenda, pamoja na yale ya watu wa historia ya kale, na masharti hayo yaliondolewa mwaka 1993 tu. Jina la ukoo halikuweza kuwa jina la kwanza kirahisi mpaka mtakatifu aliingize katika kalenda. Baada ya 1925 Vianney likapata kibali hicho, na leo mwanamuziki maarufu wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1991 anajulikana kwa jina hilo moja tu, ilhali jina lake la ukoo ni Bureau.

Kiisimu, jambo la kuvutia zaidi ni kwamba Vianney halikutafsiriwa. Mrundi aliyebatizwa kwa Kirundi aliweza kuitwa Petero nyumbani na Pierre ofisini. Mtanzania husema Yohane Maria, na Mganda husema John Mary. Majina ya kwanza ya watakatifu yana mapokeo ya Kigiriki na Kilatini yanayoyawezesha kuvaa sauti za kila lugha, na hata Xavier, kwa kupitia Kilatini, limekuwa Ksaveri katika Kiswahili. Lakini jina la ukoo lililoingia katika liturujia mwaka 1925 halikuwa na pacha wa Kilatini wala wa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Kanisa kinasema Mtakatifu Yohane Maria Vianney, theluthi mbili zimetafsiriwa na theluthi moja imebaki ilivyotoka Dardilly. Kinachobadilika ni matamshi tu. Msemaji wa Kirundi hulikata silabi tatu, vi-ya-ne; kwa waliozoea kusoma Kiingereza aghalabu husikika viyani. Tahajia nayo huyumba kati ya Vianney na Vianey, na yumbayumba hiyo hufika hadi kwenye vyeti.

Sasa tufike kwenye kiini. Jina hili la ukoo lilipowasili Burundi, lilikuta jamii isiyokuwa na majina ya ukoo kwa maana ya Kifaransa. Kila mtoto hupewa izina lake mwenyewe, nalo halirithiwi. Mwanaisimu Philippe Ntahombaye, katika kitabu chake Des noms et des hommes cha mwaka 1983, alionyesha kwa kina jinsi jina la Kirundi lilivyo kauli: humshukuru Mungu, humjibu jirani, huhesabu uzazi. Ndayishimiye ni sentensi kamili, "namshukuru", na kiambishi -yi- ndani yake hurejelea Imana, yaani Mungu, bila kumtaja. Nkurunziza ni "habari njema". Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Pacha mkubwa ni Bukuru na mdogo ni Butoyi. Si kwamba Warundi hawakujua kuitana kwa nasaba: Abezi ni wazao wa mfalme Mwezi, Abatare ni wazao wa Ntare, na mgawanyiko wa makundi hayo mawili uliitikisa siasa ya nchi hadi mwaka wa kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, 1961. Lakini hayo ni majina ya kundi. Rwagasore mwenyewe hakuwa na jina la baba yake, Mwambutsa, mahali popote katika jina lake.

Kitambulisho cha Burundi, karangamuntu, kinauheshimu mfumo huu kuliko fomu nyingi za kigeni. Kina mstari wa izina, mstari wa amatazirano, yaani majina ya ubatizo, kisha mistari miwili ya Se na Nyina kwa ajili ya baba na mama. Undugu husomwa katika mistari hiyo miwili, hausomwi katika jina. Kwa Kifaransa cha ofisini, izina huwekwa chini ya nom na amatazirano chini ya prénom, na izina hutangulia. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu nom ni neno lenye historia yake. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 23 Agosti 1794 ilimkataza raia kutumia jina lolote lisilokuwa katika cheti chake cha kuzaliwa, na kwa hilo ikakamilisha mchakato wa karne nyingi ambamo majina ya watu binafsi kama Martin, au ya kazi kama Lefebvre, yaani mhunzi, yaliganda yakawa ya kurithi. Izina la Kirundi halijaganda. Kuliweka chini ya nom ni jambo linalovumilika mradi msomaji ni Mrundi.

Chukua mfano wa kubuni. Baba ni Bucumi Pierre, mwanawe ni Ndayizeye Jean-Marie Vianney, na mjukuu ni Habonimana Chantal. Bujumbura hakuna anayeshangaa. Wakivuka Kobero na kuingia Tanzania, watakutana na fomu yenye nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Mfumo huo unaendana vizuri na desturi ya Waswahili ya mnyororo wa nasaba, jina la mtu, la baba na la babu, desturi ambayo hata wakazi wa Buyenzi hapa Bujumbura wanaifahamu. Karani mwaminifu ananakili kwa mpangilio aliouona: Ndayizeye, Jean-Marie, Vianney. Kwa tendo hilo moja Vianney limerudi kuwa jina la ukoo, miaka zaidi ya mia mbili baada ya Dardilly. Baba yake anakuwa wa ukoo wa Pierre, binti yake wa ukoo wa Chantal. Mtu mwingine kutoka Ngozi, asiyewajua kabisa, anaonekana katika orodha kuwa ndugu yao kwa kuwa naye ni Vianney.

Hili si suala la udadisi wa wanaisimu peke yao. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliopewa uraia wa Tanzania, ambao vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014, walizidi 160,000. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007. Mtoto anayesafiri na mzazi, mjane anayedai mirathi, familia inayoomba kuunganishwa Ulaya, wote huulizwa swali lile lile: mbona majina hayafanani? Kwa mfumo unaodhani kwamba undugu hukaa katika jina la mwisho, kutofanana huonekana kama dalili ya udanganyifu.

Kuna wanaopendekeza Warundi wafuate wengine na kurithisha izina. Familia nyingi za ughaibuni tayari hufanya hivyo, kwa hiari au kwa kulazimishwa na sheria za huko. Sioni kwamba ni suluhisho la kuenezwa kwa sera. Izina likirithiwa, kifungua mimba wa Brussels ataitwa Nyandwi ilhali hana mtu aliyemtangulia, na mtoto wa pekee ataitwa Bukuru bila Butoyi. Wafaransa walizoea mambo hayo kwa karne nyingi, na leo hakuna anayemwendea Lefebvre kutafuta jembe. Kuitaka jamii ifanye hivyo kwa kizazi kimoja, kwa ajili ya urahisi wa fomu, ni kuigharimu lugha yake kwa faida ndogo.

Njia nyepesi zaidi iko katika istilahi. Kiswahili, kwa kuwa ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya, kina nafasi ya kurekebisha kilichoharibiwa na tafsiri. Nom katika hati ya Burundi lisitafsiriwe "jina la ukoo". "Jina binafsi" lingetosha kwa izina, na "jina la ubatizo" au "jina la dini" kwa amatazirano, ambayo yasivunjwevunjwe: Jean-Marie Vianney ni jina moja la mtakatifu mmoja, kwa hiyo liingie katika nafasi moja. Sehemu ya jina la ukoo iruhusiwe kubaki tupu bila mashine kuikataa fomu. Na pale penye haja ya kuthibitisha undugu, zisomwe nafasi za baba na mama, ambazo karangamuntu imekuwa nazo muda wote huu.