Likizo ya Juni na Watoto Jijini Tanga: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Mvua za masika, ambazo kwa kawaida hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, zinapopungua, upepo wa kusi huleta ubaridi wa wastani katika pwani ya kaskazini. Ardhi huwa bado ni ya kijani, na shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa familia nyingi za Tanga, pamoja na wajukuu wanaokuja kuwasalimu bibi na babu, huu ndio wakati wa kuwatembeza watoto.

Tanga ni jiji dogo likilinganishwa na Dar es Salaam au Mwanza, lakini halina upungufu wa mahali pa kwenda. Jambo linalohitaji uangalifu ni fedha na usalama. Matembezi ya siku moja yanaweza kumaliza akiba ya mwezi mzima. Aidha, sehemu kubwa ya matembezi hayo hufanyika majini, mapangoni na barabarani, mahali ambapo uzembe wa mtoa huduma hauishii katika hasara ya shilingi. Makala haya yanaeleza yale ambayo mzazi au mlezi anapaswa kuyauliza kabla ya kulipa, na hatua za kuchukua iwapo huduma haikuwa kama ilivyoahidiwa.

Mahali panapofaa familia

Mapango ya Amboni yako umbali wa kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa jiji, karibu na barabara iendayo Mombasa. Ni mapango ya miamba ya chokaa, na wageni huingia wakiongozwa na mwongozaji. Ndani kuna giza, popo, njia nyembamba na sakafu inayoteleza. Kila mtoto avae viatu vilivyofungwa vyenye soli isiyoteleza, na familia iwe na tochi yake. Ndani ya pango mna mahali ambapo baadhi ya watu huweka sadaka zao. Watoto waelezwe mapema wasiguse chochote. Masimulizi ya njia ya chini kwa chini inayofika Mombasa huwafurahisha sana watoto, ila yachukuliwe kuwa ni masimulizi.

Magofu ya Tongoni, mji uliojulikana pia kwa jina la Mtang'ata, yako kilomita zipatazo 17 kusini, upande wa barabara ya Pangani. Yapo mabaki ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na minara. Msafara wa Vasco da Gama ulipita katika pwani hii mwaka 1498. Kwa mwanafunzi anayesoma historia, saa moja mahali hapa humsaidia kuona kwa macho yale aliyoyasoma kitabuni.

Wanaopenda milima huenda Amani, wilayani Muheza, katika msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Barabara ya kupanda huko huharibika kwa matope baada ya mvua, hivyo ulizia hali yake siku moja kabla ya safari. Wapenda wanyama huelekea Saadani, hifadhi ya Taifa inayopakana na Bahari ya Hindi. Walio na fedha kidogo wanazo fukwe za jiji lenyewe, ambako mpira, kikapu cha chakula na kivuli cha mti vinatosha kuifanya siku kuwa njema.

Kokotoa gharama yote

Kosa linalowagharimu walaji wengi ni kulinganisha bei iliyotangazwa badala ya gharama kamili. Tuseme mwandaaji wa safari anatangaza Sh 15,000 kwa kila mtu. Familia ya watu 5 hutenga Sh 75,000. Wanapofika wanaelezwa kuwa kiingilio hakimo, ni Sh 5,000 kwa kila mmoja. Chakula ni Sh 8,000 kwa sahani. Na boti ni Sh 20,000 kwa familia. Jumla inakuwa Sh 160,000, zaidi ya mara mbili ya fedha waliyoitenga, na watoto wako mlangoni wanasubiri. Ni vigumu kwa mzazi kukataa akiwa katika hali hiyo, na baadhi ya wafanyabiashara wanalijua hilo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa uliza na upate majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu:

1. Bei inajumuisha nini: usafiri, kiingilio, mwongozaji, chakula, maji ya kunywa?
2. Je, kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei?
3. Mtoto huhesabiwa kuwa mtoto hadi umri gani?
4. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya mvua au ubovu wa gari, fedha inarudishwa yote, sehemu yake, au tarehe inasogezwa?

Swali la umri si dogo. Katika hifadhi za Taifa, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kiingilio, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto, na mwenye miaka 16 na kuendelea huhesabiwa kuwa mtu mzima. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa pamoja na kitambulisho chako cha Taifa, kwa kuwa viwango vya raia hutofautiana na vya wageni.

Malipo na stakabadhi

Viingilio vya maeneo ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Mtu anayekutaka umpe fedha mkononi bila namba hiyo wala stakabadhi hakutendei hisani, hata akikupunguzia bei. Kwa watoa huduma binafsi, lipa kwa namba ya biashara badala ya simu ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuingiza namba yako ya siri. Jina likitofautiana na la biashara uliyoelekezwa, sitisha malipo na uulize.

Sheria inamtaka muuzaji kutoa risiti ya kielektroniki, na inamtaka mnunuzi naye kuidai. Hicho ndicho kielelezo chako cha kwanza endapo utahitaji kulalamika. Piga picha risiti za karatasi siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia.

Usafiri

Kwa basi la kawaida, dai tiketi yenye jina lako, namba ya gari, tarehe na nauli. Familia kadhaa zikikodi daladala kwa pamoja, muulizeni mwenye gari kama anacho kibali cha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) cha kufanya safari nje ya njia yake. Hesabuni viti kabla ya kuhesabu fedha: kila mtoto awe na kiti chake. Kumpakata mtoto mkubwa ili kuokoa nauli ni kumweka katika hatari kubwa gari likifunga breki ghafla.

Bahari, boti na mabwawa

Shirika la Afya Duniani hutaja kuzama majini kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 14. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mkono. Huzama kimya katika muda mfupi. Mteueni mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto bila kushika simu, na apokezwe na mwingine baada ya muda.

Wenyeji wa pwani wanajua kuwa maji ya bamvua, yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa mbali na kujaa kwa nguvu. Tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kufikia mita 3 au zaidi. Fungu la mchanga walilolichezea watoto saa 4 asubuhi linaweza kuwa limefunikwa mchana. Waulize wavuvi saa za maji kujaa, na kumbuka kwamba saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Kabla ya kupanda boti, uliza idadi ya abiria inayoruhusiwa na uone jaketi okozi zenyewe, si ahadi kwamba zipo. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Mvalishe, lifunge, kisha liinue mabegani: likipanda hadi masikioni, litamtoka majini. Nahodha asiyekuwa na jaketi za watoto hapaswi kuwapakia watoto, na wewe hupaswi kumlipa. Usalama wa vyombo vidogo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo hupokea taarifa za vyombo vinavyozidisha abiria.

Katika mabwawa ya kuogelea, tazama kama sakafu ya bwawa inaonekana. Maji yaliyochafuka hadi sakafu haionekani hayafai. Kwa majumba ya mpira yanayojazwa upepo, hakikisha yamefungwa imara ardhini, yana msimamizi, na watoto wakubwa hawachanganywi na wadogo. Tangazo la ukutani kwamba "uongozi hautahusika na ajali yoyote" halimwondolei mtoa huduma wajibu wa kuwa mwangalifu.

Chakula

Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa safari ya kutwa nzima, viazi vya kuchemsha, karanga, ndizi na machungwa ya Muheza huvumilia kuliko wali wa samaki. Kwa vinywaji na vyakula vya kiwandani, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifuniko kisichofunguliwa.

Huduma ikienda kinyume na ahadi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bei au ubora wa huduma. Anza kwa kumweleza mtoa huduma mwenyewe, kwa utulivu, ukitaja kiasi ulicholipa, ulichoahidiwa, ulichopata na unachotaka: kurudishiwa fedha au kupewa huduma upya. Mpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani (FCC), ukiambatisha risiti, tangazo na ujumbe mliotumiana. Masuala ya nauli na mabasi yapelekwe LATRA, na ya bidhaa zisizo na ubora yapelekwe TBS.

Kwa dharura, piga 112 kwa Polisi, 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, au 116 kwa huduma ya simu kwa mtoto. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni mwa kila mtoto anayejua kusoma, pamoja na namba ya simu ya mzazi au mlezi wake.