Kadi ya Grafiki Iliyochimba Sarafu: Ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa kadi ya grafiki huweza kukutana na sifa mbili zisizopatana. Muuzaji mmoja humwambia kwamba kadi hii inachimba sarafu za kidijitali, hivyo itajilipia bei yake yenyewe. Mwingine humwapia kwamba kadi yake haijachimba hata siku moja. Kauli zote mbili zina historia moja nyuma yake, na anayeifahamu hadanganyiki kwa urahisi.

Kadi ya grafiki ni kifaa kinachochora picha tunazoziona kwenye skrini ya kompyuta. Kwa kuwa hufanya maelfu ya hesabu ndogo kwa wakati mmoja, ilifaa pia kwa uchimbaji, yaani kazi ya kukisia majibu ya fumbo la hesabu ili kuthibitisha miamala ya sarafu na kulipwa ujira. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ilichimbwa kwa kadi hizi kwa miaka michache tu. Kuanzia mwaka 2013 zilikuja mashine maalumu zisizofanya kazi nyingine yoyote, zikaziondoa kadi uwanjani. Kimbilio likawa Ethereum, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum nayo ikaacha uchimbaji kabisa. Wachimbaji wakahamia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin, na kwa kuwa ujira wa sarafu hizo hugawanywa kwa kadiri ya nguvu ya kila mchimbaji, sahani iliyokuwa ya wachache ikaliwa na wengi.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai yetu mapema: mlaji wa kawaida hana sababu ya kununua kadi ya grafiki ili achimbe, sembuse kukopa kwenye kikoba kwa ajili hiyo. Tazama umeme peke yake. Kadi iliyorekebishwa itumie wati 120 tu, ikiwashwa usiku na mchana, hula uniti 2.88 kwa siku, yaani uniti 86.4 kwa mwezi wa siku 30. Nyumba inayotumia uniti 50 kwa mwezi katika kundi la watumiaji wadogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, jumla shilingi 5,000 kabla ya kodi na tozo. Ikiongeza kadi hiyo moja, hufika uniti 136.4. Uniti 75 za kwanza hubaki kwa shilingi 100, lakini zinazozidi hutozwa shilingi 350 kila moja, na gharama hupanda hadi karibu shilingi 29,000. Hapo hatujahesabu kompyuta yenyewe, wala feni ya kupooza chumba, wala siku umeme unapokatika na ujira ukasimama. Nyumba ikiendelea hivyo huweza kuhamishwa katika kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza.

Muuzaji huweza kuonyesha kikokotoo cha faida kwenye simu. Kikokotoo hicho huchukua bei ya sarafu ya leo na kuizidisha kwa siku 365, kana kwamba bei haitashuka wala wachimbaji wapya hawataingia. Aidha, Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliukumbusha umma kwamba fedha halali ya malipo nchini ni shilingi.

Ni jambo jingine kwa anayehitaji kadi ya kuhariri video, kuchora ramani za nyumba au kucheza michezo. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Mchimbaji makini huipunguzia umeme, nayo hufanya kazi kwa joto lisilopandapanda. Kinachochakaa zaidi ni feni, ambazo huzunguka bila kupumzika, na dawa ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya chipu, ambayo hukauka. Vyote viwili fundi huvibadilisha kwa gharama ndogo kuliko bei ya kadi. Hatari kubwa zaidi ni kumbukumbu ya kadi iliyopikwa kwa joto kwa miaka. Hiyo hujitokeza kwa madoa ya rangi na mistari kwenye skrini, aghalabu baada ya dakika kadhaa za kazi nzito. Kwa hiyo jaribio la kuwasha na kuzima halitoshi. Omba kadi ifanye kazi nzito kwa nusu saa mbele yako.

Kabla ya hayo, igeuze kadi utazame matundu ya kuchomekea waya wa skrini. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa uchimbaji pekee, kama P106-100 na zile za jina la CMP zilizotangazwa na NVIDIA mwaka 2021, ambazo hazina matundu hayo hata moja. Bei yake hushawishi, lakini huwezi kuichomekea skrini.

Jina nalo halitoshi. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ina vitengo 2,048 vya kuchakata, ilhali RX 580 ya kawaida ina 2,304. Pia zimewahi kuuzwa kadi kuukuu za NVIDIA zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa kompyuta kuwa za kizazi kipya. Programu ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na huweza kuandika neno la onyo mbele ya jina la kadi ya namna hiyo; muuzaji anayekataa isakinishwe amekwisha kukujibu.

Dai risiti ya mashine ya kodi inayotaja jina kamili la kadi, ukubwa wa kumbukumbu, na kama ni mpya au imetumika. Muda wa dhamana nao uandikwe na kutiwa saini, hata ukiwa wiki mbili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuuza bidhaa iliyotumika kwa jina la mpya, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Namba ya utambulisho iliyobandikwa mgongoni mwa kadi ipigwe picha ungali dukani, muuzaji akiona.