Gesti za Karagwe zisitegemee kahawa pekee

MSAFIRI anayefika Omurushaka jioni akitokea Kyaka hupokewa kwanza na baridi ya milimani. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Kayanga, nyingine Kyerwa hadi Murongo, mpakani na Uganda. Wengi hulala gesti za kando ya barabara: chumba kidogo, chandarua, blanketi zito na maji ya moto ya ndoo.

Wateja wakubwa ni wafanyabiashara na madereva wa malori wanaofuata kahawa ya maganda. Msimu ukiisha vyumba hubaki vitupu, lakini mshahara wa mlinzi na kodi havisubiri.

Kupokea wageni si jambo jipya hapa. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika aliwakaribisha Speke na Grant, wasafiri kutoka Uingereza. Grant alibaki kwa miezi akiuguza mguu.

Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mtalii wa bajeti ndogo hadai marumaru. Anataka shuka safi, kitasa kinachofunga, usiku usio na kelele za baa, na risiti. Asubuhi mpikie ndizi, umwekee kahawa ya hapa hapa badala ya chai.

Mwenye gesti akumbuke hesabu hii: kahawa isiponunuliwa leo hukaa ghalani hadi kesho. Chumba kisipolaliwa leo, fedha ya usiku huo imekwenda. Heri kushusha bei msimu ukiisha kuliko kufuta vumbi.