Oda hewa sokoni: kwa nini ni jinai?

Mei 6, 2010, fahirisi ya Dow Jones ilishuka karibu pointi 1,000 mjini New York, kisha ikapanda tena, yote ndani ya dakika chache. Miaka mitano baadaye mfanyabiashara wa soko, Navinder Singh Sarao, alikamatwa London, akituhumiwa kuchangia mporomoko huo kwa oda hewa. Ofisi yake? Nyumbani kwa wazazi wake, Hounslow.

Mchezo wa oda hewa ulikuwa hivi. Anaweka oda kubwa za kuuza, juu kidogo ya bei ya wakati huo. Wanaotazama skrini wanaona wauzaji wamejaa, wanaogopa, bei inateremka. Yeye anafaidika na mteremko huo, kisha oda zile zinafutwa. Programu ya kompyuta ilizisogeza kila bei ilipocheza, zisije zikanunuliwa kweli.

Kufuta oda si kosa; wafanyabiashara halali hufuta kila sekunde. Sheria ya Dodd-Frank ya Marekani, ya 2010, inachotazama ni nia: je, ulipoweka oda ulishakusudia kuifuta kabla haijatekelezwa? Nia haionekani kwenye skrini, kwa hiyo waendesha mashtaka huchimba barua pepe na namna programu ilivyoundwa.

Sarao alikiri makosa mwaka 2016, akashirikiana na serikali ya Marekani, na mwaka 2020 akapewa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja. Kumbebesha yeye mporomoko mzima ni kutia chumvi: ripoti ya serikali hiyo ya 2010 haikumtaja kabisa. Mwaka huohuo wa 2020, benki ya JPMorgan ilikubali kulipa dola milioni 920 kwa oda hewa za madini na hati fungani.