Mpenda Rola Kosta Akae Wapi?

Wenzangu wasomaji, najua wengine mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Katika Juba hakuna rola kosta. Hata reli ya kawaida hatuna. Katika nchi yetu nzima reli ni ile moja iliyofika Wau mwaka 1962, na toka hapo haikupata kusogea kuja huku kwetu. Basi mwanafunzi wa Juba akianza kusimulia habari za rola kosta, wenzake humwona kama mtu aliyelala akaota.

Lakini swali lenyewe si la mchezo. Wengi wetu tukimaliza kidato cha nne tutaondoka, wengine kwenda Kampala au Nairobi, wengine Cairo, na wachache wenye ndugu ng'ambo watavuka bahari. Wazee wetu hutuuliza, "Utakwenda kukaa wapi?" nasi hujibu kwamba tutakwenda penye chuo, au penye kazi, au penye jamaa. Sijapata kumsikia mtu akijibu, "Nitakwenda kukaa penye kitu nikipendacho." Huko Marekani wako watu wanaojibu hivyo bila haya. Wana chama chao cha wapenda rola kosta kilichoanzishwa mwaka 1978, na mmoja wao akitaka kuhama hufungua ramani, akatazama kwanza mashine ziko wapi, ndipo akatafuta nyumba. Nimeona yafaa nieleze mtu wa kwetu akifuata njia hiyo atakutana na nini.

Rola kosta ni gari la mabehewa madogo lipitalo juu ya reli zenye vilima na mabonde, vilivyojengwa kwa mbao au kwa chuma. Jambo la ajabu ni kwamba aghalabu halina injini. Mnyororo hulivuta polepole mpaka kilele cha kilima cha kwanza, kisha huliachia. Toka hapo gari huenda kwa uzito wake tu mpaka mwisho wa safari, na ndiyo sababu vilima vinavyofuata havina budi kuwa vifupi kuliko cha kwanza. Walio katika darasa la fizikia wapige hesabu: twaa kimo cha mteremko kwa meta, zidisha kwa 9.8, zidisha tena kwa 2, kisha tafuta kipeo cha pili. Mteremko wa meta 62 utakupa meta 35 hivi kwa sekunde, yaani kilometa 125 kwa saa. Iko mashine ya kimo hicho katika mji wa Kansas City, iliyofunguliwa mwaka 1998, na mwendo wake hutajwa kuwa kilometa 120 kwa saa. Zile 5 zilizopungua zimeliwa na upepo na msuguano. Jina la mashine hiyo ni Mamba, kwa jina la yule nyoka wetu. Sisi tukimwona mamba twakimbia. Wao hupanga mstari na kulipa fedha.

Mtu huuliza, gari lisilo na injini na lenye mwendo huo, mbona haliruki nje ya reli? Jibu ni magurudumu. Kila behewa lina magurudumu ya namna tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoshika njia, na ya chini ya reli yanayolizuia gari lisinyanyuke. Haya ya chini yalibuniwa na Mmarekani John Miller, akapata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1919. Kabla ya hapo vilima vilikuwa vya upole tu. Ile mashine ya L. A. Thompson iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda kilometa 10 tu kwa saa, kwa nauli ya senti 5. Boda boda ya Juba inayopita kwenye mashimo ingeiacha nyuma. Na kabla ya Wamarekani walikuwako Warusi, ambao waliteleza juu ya vilima vya barafu wakati wa baridi. Mpaka leo Wafaransa huiita rola kosta "milima ya Kirusi".

Huyo huyo Miller ndiye aliyejenga kitu kinachohusu sana swali letu. Mwaka 1925 mtu mmoja wa Coney Island, Bwana George Moran, alitaka rola kosta katika kiwanja chake, lakini kiwanjani palikuwa na nyumba ya zamani ya wageni. Badala ya kuibomoa, nguzo za chuma zilipitishwa katika nyumba, na reli zikapita juu ya paa. Mashine iliitwa Thunderbolt. Jamaa ya Moran walikaa chini yake miaka mingi, wakipika, wakilala, wakipokea wageni, na kila gari lilipopita nyumba nzima ilitetemeka. Mashine ilisimama kazi mwaka 1982, lakini watu hawakutoka nyumbani humo mpaka mwaka 1988. Mwaka 2000 vyote vilibomolewa. Mimi nikisoma habari hiyo sijui niwahurumie au niwaonee wivu. Ila nadhani mtu anayelala chini ya mngurumo kila siku mwishowe haupendi tena wala hauchukii. Hausikii tu, kama sisi tusivyosikia jenereta ya jirani.

Haya, tutazame miji. Katika Afrika Mashariki viwanja vya burudani vipo, hasa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lakini rola kosta kubwa ya kutajwa duniani haipo. Jamaa zetu waliokulia Khartoum watakumbuka bustani ya Al-Mogran, karibu na pale Nile mbili zinapokutana, ambako siku za Idi watoto walijaa tele. Vita vya Aprili 2023 viliwatoa watu katika mji huo, na wengi walirudi huku kwetu kwa malori na kwa mashua wakiwa na mafurushi tu. Nimemtaja huyu wa Khartoum ili tusisahau kwamba kwa watu wengi wa nchi hii kuchagua mji ni anasa kubwa kuliko rola kosta yenyewe.

Atakayekwenda kusini atafika Johannesburg. Huko Gold Reef City, mahali palipokuwa mgodi wa dhahabu, ilijengwa mashine iitwayo Anaconda, na mwaka 2001 ikaja nyingine iitwayo Tower of Terror, ambayo huangusha gari wima na kuliingiza katika shimo chini ya ardhi. Cape Town nao walikuwa na yao, Cobra, katika kiwanja cha Ratanga Junction kilichofunguliwa mwaka 1998. Lakini mwaka 2018 kiwanja hicho kilifungwa. Hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Chuo kikuu hakifungwi upesi, na mto hauhami. Rola kosta ni biashara, na mwenye biashara akiona ardhi ina faida zaidi kwa maduka, huibomoa. Hata Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani kwa meta 139 ilipofunguliwa mwaka 2005, ilifungwa mwaka 2024 na kuangushwa mwaka 2025. Mtu aliyenunua nyumba kwa ajili yake sasa anatazama mawingu.

Nchi za Ghuba zina mashine kali, na ndege ya kwenda huko si safari ndefu. Katika Ferrari World ya Abu Dhabi iko Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010. Hiyo haingoji mnyororo. Husukumwa kwa nguvu, na kwa sekunde 5 hivi hufika kilometa 240 kwa saa. Wanaokaa mbele huvaa miwani ili mchanga usiwaumize macho. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wako Ghuba kwa kazi za ulinzi, za hoteli na za nyumbani. Lakini ruhusa ya kukaa huko hufungwa na kazi. Kazi ikiisha na ukaazi umekwisha. Na msichana anayefanya kazi ya nyumbani bila siku ya mapumziko anaweza kukaa miaka miwili karibu na Formula Rossa asiione ila katika picha za simu yake. Kwa hiyo kukaa karibu na mashine si sawa na kuipanda. Lazima uwe na siku, na nauli, na kiingilio, na mtu wa kwenda naye.

Sasa nitasimulia habari za mtoto wa mjomba wangu, kwa maana ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Yeye alifika Omaha, Nebraska, akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha nyama kama Wasudani Kusini wengi wa mji huo. Omaha haina rola kosta kubwa. Ulikuwako uwanja wa zamani wa michezo uitwao Peony Park, ukafungwa mwaka 1994. Siku moja rafiki zake wa kazini walimchukua Kansas City, mwendo wa saa tatu kwa gari, wakampandisha Mamba. Alituambia kwamba pale kileleni, gari lilipoanza kuinama, uzito ulimtoka mwilini, na kwa mara ya kwanza toka alipotoka nyumbani hakufikiri jambo lolote. Sentensi hiyo mjomba aliisikiliza kwa simu, kisha akanyamaza kitambo.

Mwaka uliofuata akahamia Kansas City. Alipata kazi ya ghala na akanunua tikiti ya mwaka mzima, ambayo kwa mtu wa jirani ni rahisi sana: ukienda mara nne au tano umekwisha rudisha fedha yako. Alipanda jioni za siku za kazi, mstari ukiwa mfupi. Ila hakujua mambo mawili. La kwanza, viwanja vya sehemu hiyo ya Marekani hufungwa wakati wa baridi, na miezi mingi reli hukaa tupu zikingoja theluji iyeyuke. La pili, huko Omaha alikuwa ameacha kanisa la lugha yake na wazee waliomjua baba yake. Mjomba alipofariki hapa Juba, watu wa Omaha ndio waliokusanya mchango, na matanga yalifanyika katika jumba la kanisa lao. Yeye alifika usiku wa pili kwa sababu ya theluji barabarani, akakuta wengine wamepokea rambirambi kwa niaba yake. Mwezi uliofuata alirudi Omaha. Mamba huipanda mara mbili au tatu kila kiangazi, na asema ni tamu zaidi kuliko alipokuwa jirani yake.

Mimi nilimjibu kwamba kosa lake si kuchagua kwa moyo, bali alichagua kwa moyo nusu. Kama angetazama ramani vizuri angeona Melbourne. Mji huo wa Australia una Wasudani Kusini wengi kuliko mji mwingine wowote wa nchi ile, na ufukweni, mtaa wa St Kilda, kuna kiwanja cha Luna Park chenye rola kosta ya mbao, Scenic Railway, iliyoanza mwaka 1912 na inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote ambazo hazikukatiza kazi. Haina mwendo wa kutisha. Breki zake hushikwa na mtu anayesimama katikati ya gari safari nzima, kazi ambayo sasa imebaki katika mashine chache sana duniani. Toka juu unaona bahari upande mmoja na mji upande wa pili, na baridi ya huko haina theluji ya kufunga barabara. Atakaye mashine kali zaidi aende Brisbane, nako watu wetu wapo, na viwanja vikubwa vya Gold Coast viko mwendo wa saa moja hivi. Hapo mtu anaweza kuwa na jamaa na mteremko kwa pamoja. Binamu yangu alisema, "Sawa, na viza utanipa wewe?" Sikuwa na jibu.

Iko taabu moja ambayo wazungu wenyewe hawaifikirii sana, nayo yatuhusu sisi. Mashine nyingi kali zina mpaka wa kimo. Kila mtu ajua kwamba mtoto mfupi hukatazwa, lakini mrefu naye hukatazwa, kwa sababu ya kichwa na magoti. Kingda Ka haikumpokea mtu aliyezidi futi 6 na inchi 5, yaani sentimeta 196 hivi. Manute Bol wa Turalei, aliyekuwa na sentimeta 231, angebaki chini akishika mikoba ya wenzake. Na Luol Deng wa Wau kadhalika. Nadhani timu yetu ya mpira wa kikapu iliyocheza Olimpiki za Paris mwaka 2024 ingepata tabu kujaza behewa moja.

Kwa sababu hiyo juma lililopita nilimwomba fundi cherehani wa soko la Konyo Konyo anipime kwa utepe wake. Alinipandisha juu ya kigoda, akaniteremsha, akapima tena kutoka ukutani. Nina sentimeta 191, na mama asema sijaacha kukua.