Bei ya Jeneza Itajwe Mapema

Kufa kufaana, walisema wahenga, na wengi wetu tukipita kwenye safu ya majeneza karibu na mochwari huwatupia mafundi jicho la lawama, kana kwamba wanaomba watu wafe. Tunawaonea. Mbao za mninga zinanunuliwa, kijana anayepiga msasa anataka chake jioni, na mwenye banda anadai kodi yake hata mwezi ukipita bila msiba. Fundi akigawa jeneza bure kila aonapo machozi, atafunga kazi. Huruma anayodaiwa ni ya namna nyingine: ataje gharama yote mwanzoni, kabla mfiwa hajachagua.

Mnunuzi wa kabati huzunguka, hupatana bei, akishindwa hurudi kesho. Mfiwa hana kesho. Mochwari inahesabu siku, gari la kwenda Moshi limeshakodiwa, na shemeji aliyetumwa na kamati ameshika fedha za michango ambazo atazitolea hesabu. Anatajiwa bei ya jeneza, akishakubali, vishikio vinakuja na bei yake, satini na yake, kibao cha jina na yake. Nani atavutana kuhusu kibao chenye jina la marehemu? Pale ambapo mteja hawezi kujitetea, muuzaji ndiye anayebaki na wajibu wa kujizuia.

Watasema orodha ya bei mbele ya mfiwa ni ukavu, kama menyu ya hoteli. Lakini Marekani kanuni ya serikali imewalazimisha wenye biashara hii tangu 1984 kutoa orodha ya kila kitu na bei yake, na kuitaja hata kwa simu. Nao hawajafa njaa. Hapa kwetu Waislamu hutumia jeneza la msikiti, linalorudi baada ya maziko, na sanda ya mwanamume ni vipande vitatu vinavyojulikana. Muuza sanda anapata riziki yake, na hakuna anayemnong'ona.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wafiwa wenyewe hupenda makuu. Kweli, na anayetaka kioo na nakshi auziwe kwa faida nono, sioni dhambi. Faida hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kuliuza jeneza la kawaida la paina karibu na gharama yake. Ila alisimamishe mbele pamoja na mengine, bei ikiwa imebandikwa, shemeji asilazimike kuuliza kama kuna la chini zaidi.