Bunduki ya baruti: kabla ya kuishika, ipime kwa ufito



Konji ikifika, wengi kati yetu tunarudi kijijini. Tunabeba sukari, chumvi, sabuni na vitenge vya mashangazi, na huko tunakuta kazi ya wanaume ambayo mjini haiko: kuwinda. Bunduki inayotungoja ukutani mara nyingi si ya kisasa. Ni ile inayojazwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa ufito. Kwetu wengi wanaiita pupu. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema gobore. Ukurasa huu unazoea kusema habari za kaske, viatu na kamba za usalama. Leo tuseme juu ya bunduki hiyo, sababu jicho lililopotea kijijini wakati wa konji halirudi mtu akirudi kwenye zamu.

Mwaka mmoja nilifika kwa mjomba wangu, nikakuta bunduki yake imetundikwa juu ya mlango. Asubuhi ile watoto walikuwa wameishusha na kucheza nayo mchezo wa askari na mwizi. Nilipomuuliza, mjomba alicheka. "Haina kitu, mpwa wangu. Tangu mvua ilipokwisha sijapiga." Nikaitoa nje, nikaelekeza mtutu kwenye kichuguu, nikachomoa ufito na kuuteremsha ndani polepole. Haukufika chini. Ulisimama vidole vinne kabla ya mwisho. Baruti na kidonge vilikuwamo miezi yote ile, juu ya vichwa vya watu wanaoingia na kutoka. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akanyamaza. Kisha akauliza watoto wako wapi.

Hatukuipiga. Tulitia maji kwa mdomo na kwa kitundu cha moto, tukangoja mpaka baruti ilowe kabisa, ndipo fundi wa kijiji akavuta kidonge kwa skurubu iliyofungwa kwenye ncha ya ufito. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Ya mwaka jana inaua sawasawa na ya leo.

Basi jambo la kwanza, hata kabla ya kuuliza bei ya bunduki, ni ufito. Mtutu ukiwa mtupu, teremsha ufito mpaka chini na ukate alama pale unapotokea mdomoni. Ukiisha kushindilia kipimo chako cha kawaida, kata alama ya pili. Tangu siku hiyo ufito unasema kweli, hata kama mwenye bunduki amesahau au amekunywa. Kazi ni ya nukta moja. Tena mama wa nyumba anaweza kumdai bwana wake afanye hivyo mbele yake, uani, kabla bunduki haijapita mlango.

Watu wanauliza: kwa nini bunduki za wazee wetu ni za namna hii, laini ndani, na za Wazungu zina mistari? Jibu liko katika historia. Wakati wa Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, shaba na pembe za Katanga zilikwenda pwani za bahari mbili, na bunduki na baruti zikarudi. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa Liège, Ubelgiji, kwa ajili ya biashara ya Afrika. Halafu tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi mkataba huko Bruxelles: bunduki zenye mistari ndani ya mtutu na zile za kisasa zilizuiwa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, zikaachwa zile za jiwe la gumegume, laini ndani, na baruti ya kawaida ya biashara. Wahunzi wetu waliiga walichokiona. Si kwamba hawakujua zaidi, walinyimwa mfano.

Sasa, kuchagua. Ukionyeshwa bunduki ya zamani, tafuta mihuri kwenye chuma karibu na nyuma ya mtutu. Herufi E, L na G ndani ya duara refu ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège: mtutu ule ulijaribiwa kwa moto kabla ya kuuzwa. Hiyo ni habari njema ya zamani, si cheti cha leo, sababu kutu haisomi mihuri. Bunduki ya mhunzi haina muhuri. Uliza mtutu umetoka wapi. Mwingine ni chuma cha usukani wa gari, mwingine ni bomba la maji. Bomba la maji lina mshono, na lilitengenezwa kubeba maji. Ukiona mshono, mrudishie mwenyewe.

Pitisha vidole juu ya mtutu, toka nyuma mpaka mdomo, macho yamefumbwa. Ukisikia uvimbe kama pete, mtutu ule umekwisha kuumia. Tazama umezibwa namna gani nyuma: kizibo cha nyuzi kilichokazwa, au chuma kilichopigwa nyundo tu? Hiki cha pili ndicho kinachorudi usoni mwa mpigaji. Vuta nyundo mpaka nusu na uisukume kwa dole gumba. Ikianguka, bunduki haifai. Kitundu cha moto kikiwa kimepanuka hata kuingia msumari, moto utatoka nyuma. Na kitako kilichofungwa kwa waya au ngozi, uliza kilipasuka siku gani, na kwa sababu gani.

Usisahau karatasi. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 zinadai ruhusa, ya kuwa na silaha na ya kuwinda, na ya kwanza haitoshi kwa ya pili. Katika Parc ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, na ile ya Kundelungu ya mwaka 1970, hakuna cha mjomba wala cha mila: usiingie na bunduki.

Tuje kwenye kushindilia. Hapa wafanyakazi wa mgodi wanapaswa kuwa walimu wa kijiji, sababu bunduki hii ni ndugu ya tundu la kulipua mawe. Fundi wa kulipua anasafisha tundu, anapima, anashindilia kwa mti na si kwa chuma, kiwashio kinakuja mwisho, na hakuna anayesimama mbele. Yote hayo yabebe mpaka porini.

Ila kuna kitu kimoja usikibebe: vyenyewe vya mgodini. Wako watu wanaofikiri kwamba kidogo cha dawa ya kulipulia, kilichofichwa mfukoni, kitaipa pupu nguvu. Baruti nyeusi inaungua na kusukuma. Dawa ya mgodini hailipi nafasi ya kusukuma, inavunja papo hapo, na kitu cha kwanza kilicho karibu nayo ni mtutu, halafu mkono wako wa kushoto. Vivyo hivyo baruti ya risasi za kisasa, ile isiyo na moshi mwingi. Mtu akifungua risasi ya kalibri 12 au ya kijeshi na kumwaga unga wake ndani ya bunduki ya kushindilia, ametengeneza bomu. Katika bunduki hii inaingia baruti nyeusi tu. Ile ya punje kubwa inaungua polepole zaidi na inafaa mitutu mipana. Ile laini sana ni ya kuwashia kwenye kisahani cha gumegume.

Kipimo? Kwa bunduki ya kiwandani yenye mtutu wa milimita 12,7, watu huanza na gramu 3 hivi za baruti nyeusi, na mtengenezaji anaandika mwisho wake usiopaswa kupitwa. Kwa bunduki ya mhunzi hakuna kitabu. Mwulize aliyeitengeneza, anza chini ya anachosema, na usiongeze eti kwa sababu nyama imekimbia. Mara nyingi nyama ilikimbia kwa sababu mpigaji alitetemeka.

Baruti haimwagwi kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni. Ndani kunaweza kubaki kaa dogo la moto kutoka mlio uliopita, na pembe nzima italipuka mkononi. Mimina kwanza katika kipimo kidogo, funga pembe, iweke mbali, ndipo umwage mtutuni. Kati ya mlio na mlio, pitisha kitambaa chenye unyevu.

Kidonge kinafuata. Katika mtutu wenye mistari wa milimita 12,7, kidonge cha milimita 12,4 kinavikwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Nailoni inayeyuka, usiitumie. Katika mtutu laini kunawekwa kizibo, halafu kidonge au marisaa, halafu kizibo kingine. Si misumari, si changarawe, si vipande vya sufuria. Shika ufito kwa vidole karibu na mdomo wa mtutu, sukuma kidogo kidogo, usiubonyeze kwa kiganja wala kwa tumbo, na uso wako ukae pembeni. Sukuma mpaka kidonge kikalie baruti, na alama ya pili ithibitishe. Kidonge kilichosimama katikati, pana nafasi ya hewa chini yake, ndicho kinachotia mtutu ile pete tuliyoitafuta kwa vidole, au kinaupasua. Toa ufito. Wako waliousahau ndani wakaupiga kama mshale.

Fataki, au baruti ya kisahani, inakuja mwisho kabisa, ukiwa umesimama mahali pa kupigia. Ukivuta na isilie, usiigeuze kutazama! Iache imeelekea shabaha, hesabu dakika nzima. Mgodini tunangoja muda uliowekwa na kanuni wakati tundu limekataa kulia, na hakuna anayeona aibu.

Kabla ya kumtafuta swala, jifunze bunduki yako kwa shabaha. Watu wa nchi nyingine wanaufanya huu kuwa mchezo kamili: Marekani wana chama cha bunduki za kushindilia tangu mwaka 1933, na tangu mwaka 1971 kuna kamati ya mataifa yenye mashindano yake. Sisi tuna vichuguu, na kwa kazi hii hakuna ukuta bora. Chagua kikubwa, kipana, bandika karatasi katikati yake, simama mita 25. Zunguka kwanza nyuma: pengine kuna mchoma makala, au mama anayeokota uyoga. Piga mara tatu kwa kipimo kilekile. Ikiwa matundu hayakai ndani ya sahani, mnyama wa mita 60 si wako. Mtutu laini ni wa karibu. Mita 40 ni mbali tayari. Vaa miwani ya kazi na vizibo vya masikio, mlio huu ni mkali kuliko masikio yanavyoweza kuvumilia. Na mwezi wa nane, majani yakiwa makavu, kitambaa kinachotoka mtutuni kinaweza kuwaka, kifuate, kikanyage.

Tumefika jikoni, na hapa nasema na mama. Vidonge vinayeyushwa kwa madini ya risasi, mara nyingi kutoka betri za gari zilizokufa. Baba anaweka kopo juu ya mbabula, ileile ya bukari, na watoto wanakuja kutazama kinachong'aa. Risasi inayeyuka kwenye digrii 327. Tone moja la jasho au mvua likiingia ndani ya kopo, linageuka mvuke mara moja na risasi inaruka usoni. Hilo linaonekana. Lisiloonekana ni vumbi na moshi wa betri, vinavyokaa katika udongo wa lupango na kuingia mwilini mwa mtoto kwa vidole vyake. Dakar, Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Februari 2008 mahali watu walipokuwa wakichambua risasi ya betri. Karibu nasi, Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wake bado unawaumiza watoto. Mtoto aliyekula risasi hana kidonda. Anaumwa tumbo, anakosa choo, anapauka, anachoka, na shuleni anabaki nyuma, nasi tunasema ni mvivu. Mpeleke kwa munganga na umwambie wazi kwamba nyumbani mnayeyusha risasi. Asipoambiwa atatafuta malaria.

Kwa hiyo betri isivunjwe nyumbani kamwe. Nunua vidonge vilivyo tayari. Na anayeyeyusha risasi safi afanye mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni, kwa kopo na moto visivyorudi jikoni, kisha anawe na kubadili nguo. Vidonge havitunzwi mdomoni, ingawa wawindaji wengi wanafanya hivyo ili mikono ibaki wazi. Na nyama iliyopigwa, kata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha, hata ikiwa ni paja.

Jioni, usilale kabla ya kuiosha bunduki. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji ya hewa na kula chuma usiku uleule. Maji ya moto na sabuni, kitambaa kikavu, kisha mafuta ya mashine. Mjomba wangu sasa anafanya hivyo mlangoni, watoto wakimtazama. Akimaliza anateremsha ufito, na mdogo wao, wa miaka sita, ndiye anayeruhusiwa kuangalia alama, kwa macho tu, na kupaza sauti: "Tupu!"